Kidonda cha ugoko kinachopanuka kila kikikwanguliwa: je, ni pioderma gangrenosamu? Na matibabu yaanzie wapi?

TabibuWaZamu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kuelewa ugonjwa ambao vitabu vyetu vya mafunzo vimeupa aya mbili tu.

Mgonjwa ni mama wa miaka 38, kilo 60. Ana kidonda mbele ya ugoko wa kushoto. Alijigonga kwenye stuli, kikatokea kipele chenye usaha, na ndani ya siku tatu kikapasuka na kuwa kidonda. Ameshapewa ampiklox, kisha seftriaksoni na metronidazoli, bila nafuu. Kimekwanguliwa chumba cha upasuaji mara mbili, na mara zote mbili kimerudi kikubwa kuliko kilivyoingia. Kilikuwa sm 4, sasa ni sm 11 kwa 8. Ukingo umevimba, una rangi ya zambarau inayoelekea weusi, na chini yake kuna uwazi: kijiti cha pamba kinaingia karibu sm 1. Maumivu ni makali kiasi kwamba hataki hata shuka limguse. Joto 37.9. Usaha ulioteshwa maabara umetoa stafilokokasi. Sukari iko sawa, VVU hasi.

Kwa muda mrefu amekuwa akiharisha kamasi na damu kwa vipindi, na kila akienda anatibiwa amiba.

Daktari tuliyemuuliza kwa simu anasema hii ni pioderma gangrenosamu, tuweke kisu chini na tuanze prednisoloni. Wenzangu wodini wanaogopa: usaha upo, vijidudu vimeota, halafu tumpe dawa ya kushusha kinga? Naomba mnieleze huu ugonjwa unafanyaje kazi, tunauthibitishaje kwa vifaa vya hospitali ya wilaya, dozi zikoje, na kidonda chenyewe kioshwe vipi wakati tunasubiri rufaa.

---

Dkt_NgoziNaKinga

Tabibu, swali lako limepangwa vizuri na maelezo ya mgonjwa yanatosha kujadili.

Jina la ugonjwa huu linapotosha. Brunsting, Goeckerman na O'Leary wa Mayo Clinic walipouelezea mwaka 1930 walidhani chanzo ni bakteria wa jamii ya streptokokasi, ndiyo maana wakaupa jina la usaha na kuoza. Baadaye ikaonekana si maambukizi, wala si nyama iliyokosa damu. Ni kinga ya mwili yenyewe. Neutrofili, zile chembe nyeupe ambazo kwa kawaida hufika kwanza penye jeraha, zinaitwa kwa wingi kupita kiasi na haziambiwi zirudi. Ishara zinazoziita ni zile za uvimbe: TNF-alfa, interlukini 1, 8 na 17. Zikifika zinamwaga vimeng'enya vyake kwenye ngozi nzima, isiyo na kosa, na ngozi inayeyuka kutoka chini kwenda juu. Ndiyo maana ukingo unabaki ukining'inia na kijiti kinapita chini yake. Usaha unaouona ni neutrofili hizo hizo; zinaweza kujaa namna hiyo bila bakteria hata mmoja.

Sasa utaelewa kwa nini kisu kinaharibu. Kila jeraha jipya ni mwito mwingine wa neutrofili. Kukwangua, kushona, kudunga sindano, hata kubandua plasta kwa nguvu, kunaweza kuzalisha kidonda kipya au kupanua cha zamani. Hali hii haiwapati wagonjwa wote. Tafiti nyingi zinaitaja kwa robo hivi hadi theluthi yao, kwa hiyo isipokuwepo haifuti ugonjwa. Lakini ikiwepo kama kwa mama huyu, kidonda kupanuka mara mbili baada ya kukwanguliwa mara mbili, hiyo ni dalili nzito.

Kuhusu stafilokokasi: kidonda chochote kilichokaa wazi kwa wiki kitaotesha kitu. Swali ni kama bakteria huyo anashambulia au amepanga tu. Tafuta joto na wekundu unaosambaa mbali na ukingo, michirizi inayopanda pajani, tezi za kinena zilizovimba, homa inayozidi 38.5. Vikikosekana, na awamu mbili za antibiotiki zimeshapita bila kugusa kitu, usiendelee kuongeza ya tatu na ya nne.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute ule wekundu wa picha za vitabu. Mpeleke mgonjwa dirishani, mchana. Ukingo utauona wa zambarau iliyokolea au wa kijivu kama risasi, umeinuka, na nje yake kuna mzunguko mweusi kidogo unaouma ukibonyezwa. Nje ya mzunguko huo ngozi ni ya kawaida kabisa.

Uthibitisho. Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo au hapana, kwa hiyo kazi kubwa ni kuondoa magonjwa mengine. Kwa mazingira yetu orodha ni ndefu kuliko ya Ulaya. Donda la Buruli, hasa kwa aliyeishi Kongo au Uganda, nalo lina ukingo wenye uwazi chini, ila haliumi, au linauma kidogo sana, na linakwenda polepole. Maumivu makali ya mama huyu yanalisogeza mbali. Kifua kikuu cha ngozi, leishmania kwa waliotoka nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, fangasi wa ndani ya ngozi, kaswende ya muda mrefu, saratani ya ngozi iliyoota kwenye kovu au donda ndugu la miaka. Vidonda vya seli mundu hukaa zaidi kwenye vifundo vya miguu, na haidroksiyurea, dawa ya seli mundu, yenyewe inaweza kuvileta. Angalia pia mishipa: gusa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Mwaka 2002 timu ya Mayo Clinic iliyorudia mafaili yake ilikuta takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi aliyeandikiwa PG (kifupi cha pioderma gangrenosamu) alikuwa na kitu kingine. Na wengine walikuwa wameshapewa dawa za kushusha kinga.

Kwa hiyo biopsi, yaani kukata kipande cha tishu kikapimwe, ni lazima, hata kama inajeruhi. Mkwaruzo mmoja mdogo wenye majibu una thamani kuliko miezi ya kubahatisha. Kata kipande chembamba kinachovuka ukingo: nusu kiwe ngozi iliyovimba, nusu kidonda, na kina kifike kwenye mafuta. Kipande cha juu juu hakisaidii, kwa sababu ugonjwa unaanzia chini. Kigawe mara mbili. Nusu moja kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa ajili ya hadubini, na uombe rangi za kifua kikuu na fangasi. Nusu ya pili kwenye maji ya chumvi safi, si fomalini, kwa kuotesha bakteria, fangasi na jamii ya kifua kikuu, na GeneXpert (kipimo cha haraka cha kifua kikuu) kama maabara yako inapokea tishu. Kosa la kila siku ni kutumbukiza kipande chote kwenye fomalini. Hapo vijidudu vimeshakufa na huwezi kuotesha chochote.

Jibu la hadubini likirudi limeandikwa "neutrofili nyingi, hakuna vijidudu", usitegemee mtaalamu aandike jina la ugonjwa. Hilo ndilo jibu lenyewe. Vigezo vilivyokubaliwa na jopo la wataalamu mwaka 2018 vinataka biopsi ya ukingo yenye neutrofili, pamoja na angalau vinne kati ya vinane vidogo: maambukizi yameondolewa, kidonda kuzuka au kupanuka penye jeraha, ugonjwa wa uvimbe wa utumbo au wa viungo, kipele au lengelenge lililogeuka kidonda ndani ya siku nne, ukingo mwekundu wenye uwazi chini na unaouma, vidonda vingi, kimoja kikiwa mbele ya ugoko, makovu yenye vitundu kama chujio au mikunjo ya karatasi, na kidonda kupungua ndani ya mwezi mmoja wa dawa za kinga. Mama yako ana vitatu sasa hivi. Maambukizi yakiondolewa ni vinne. Utumbo ukithibitika, vitano.

Kuharisha huko ndiko kunakonishughulisha kuliko kidonda. Nusu hivi ya wagonjwa wa PG, au zaidi, wana ugonjwa mwingine nyuma yake: kolaitisi ya vidonda au Crohn (magonjwa mawili ya uvimbe wa utumbo), baridi yabisi, au ugonjwa wa damu kama lukemia. Mfanyie picha kamili ya damu na mtu aangalie slaidi kwa macho, asitegemee mashine peke yake. Choo kiangaliwe kibichi, ndani ya nusu saa, kutafuta amiba hai wenye chembe nyekundu tumboni, na mayai ya kichocho kama anatoka kanda ya ziwa. Hili si la kupuuza hata siku moja: prednisoloni juu ya amiba hai ya utumbo inaweza kutoboa utumbo. Kisha apelekwe akapimwe utumbo mpana kwa kamera.

---

SisterVidonda

Naongezea upande wa kidonda, maana dawa nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya.

Mpe dawa ya maumivu dakika 45 kabla ya kufungua. Parasetamoli gramu 1 pamoja na tramadoli miligramu 50 ni mwanzo. Isipotosha ombeni mofini ya kunywa, msione aibu kuiandika. Diklofenaki na ibuprofeni acheni: utumbo wake una mashaka, na zikichanganywa na prednisoloni tumbo linapata vidonda, na zikichanganywa na siklosporini (dawa nyingine ya kushusha kinga) figo zinaumia.

Bandeji ya zamani ilowesheni kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa dakika kumi hadi ianguke yenyewe. Chupa zikiisha, chemsha lita moja ya maji, weka chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu bila kilele, acha ipoe ikiwa imefunikwa, tumia siku hiyo hiyo, kisha mwaga. Osha kwa kumimina, au kwa bomba la sindano la mililita 20 bila sindano, kwa mkono mwepesi. Gozi kavu isisugue kitako cha kidonda. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na ayodini kali havifai hapa. Vinachoma tishu hai na mwili utajibu kama umekatwa. Ndugu watakuja na asali, majani ya mwarobaini, unga wa vidonge vya antibiotiki. Wakatalieni kwa upole na muwaeleze sababu, kwa sababu msipowaeleza watapaka usiku.

Ile nyama ya njano iliyokufa katikati inatamanisha kuikata. Iacheni. Ikiwa na unyevu wa kutosha na uvimbe ukishuka itajiachia yenyewe. Kilicholegea kabisa, kinachoning'inia bila kuvuta damu, mnaweza kukiokota kwa kibanio, kinachokataa kibaki.

Juu ya kidonda weka gozi yenye vaselini, isiyoganda. Juu yake pedi ya kufyonza majimaji. Ngozi ya pembeni paka zinki oksaidi nyembamba ili majimaji yasiibabue. Halafu bandeji ya kuzungusha, kuanzia vidole vya mguu hadi chini ya goti, ikishika tu bila kubana. Plasta ya kunata isiguse ngozi yake popote. Mwisho wa bandeji bandika plasta juu ya bandeji. Badilisha kila siku ya pili au ya tatu, au mapema ikilowa hadi nje. Kufungua mara mbili kwa siku "kwa usafi" ni kumtesa na kung'oa ngozi mpya.

Bandeji ya kubana kwa ajili ya mguu uliovimba ni nzuri, lakini baadaye, ukingo ukishatulia na mapigo ya wayo yakiwa yamehakikishwa. Kwa sasa ainue mguu akiwa amekaa.

Vipimo vya kidonda: kila wiki siku ileile, urefu mkubwa kuliko wote na upana unaoukata kwa pembe mraba, pamoja na picha yenye rula pembeni. Chukueni pia namba ya maumivu kutoka 0 hadi 10 kila mnapofungua. Namba hiyo ndiyo itakayowaambia kwanza kama dawa imeshika. Maumivu hushuka ndani ya siku chache, ukingo unalala na kupoteza ile zambarau ndani ya wiki moja au mbili, na ukubwa unafuata mwishoni. Msikate tamaa kwa sababu sentimita hazijabadilika wiki ya kwanza. Na maumivu yakishashuka kisha yakapanda ghafla, hapo shukuni maambukizi ya kweli.

Jambo la mwisho: mishipa ya damu. Chomeni mara chache iwezekanavyo, sampuli zote kwa mkupuo mmoja, na kanula isikae mguuni. Kila palipochomwa paangaliwe kwa siku tatu nne zinazofuata.

---

Mfamasia_Dirishani

Kwenye dozi. Jaribio kubwa kuliko yote kwa ugonjwa huu lilifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, wagonjwa 121. Nusu walipewa prednisoloni miligramu 0.75 kwa kilo kwa siku (isizidi 75), nusu siklosporini miligramu 4 kwa kilo kwa siku (isizidi 400). Baada ya miezi sita, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamepona. Waliorudiwa na kidonda walikuwa karibu asilimia 30 pande zote mbili. Kwa hiyo hakuna dawa iliyoishinda nyingine kwa kuponya. Unachagua kwa kuangalia mwili wa mgonjwa. Mwenye kisukari, mifupa dhaifu au hofu ya maambukizi, siklosporini. Mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu, prednisoloni. Na mwambieni mgonjwa mapema kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamepona kabisa kwa miezi sita, ili asihame hospitali mwezi wa pili.

Kwa kilo 60 prednisoloni ni miligramu 45: vidonge tisa vya miligramu 5, vyote asubuhi mara moja baada ya kula. Kugawa asubuhi na usiku kunamnyima usingizi bila faida. Dozi hiyo inakaa hadi maumivu yameisha na ukingo umelala, mara nyingi wiki mbili hadi nne. Kisha inashuka, kwa mfano miligramu 5 kila wiki hadi 20, halafu miligramu 2.5 kila wiki moja au mbili. Ukingo ukiamka tena, rudi hatua moja juu na ukae hapo. Wanaorudiwa wengi ni walioshushwa haraka. Na asiache ghafla: baada ya wiki tatu tezi zake za juu ya figo zimelala, akiacha siku moja anaweza kuzimia kwa shinikizo kushuka na sukari kuanguka. Aandikiwe kwenye kadi, na anunue akiba kabla kopo halijaisha.

Kabla ya kidonge cha kwanza: VVU mmefanya. Ongezeni homa ya ini aina ya B, picha ya kifua, maswali ya kikohozi na jasho la usiku, kipimo cha ujauzito, shinikizo, kreatinini (kipimo cha figo). Minyoo ya strongiloidi inasahaulika sana. Inaishi mwilini miaka mingi kimya, na ikikutana na steroidi kama prednisoloni inazaliana hadi kwenye mapafu na damu, na huua. Mpeni ivamektini mikrogramu 200 kwa kilo, yaani miligramu 12, vidonge vinne vya miligramu 3, siku mbili mfululizo. Kama aliwahi kuishi misitu ya Kongo, apimwe kwanza minyoo ya loa loa, maana ivamektini ikikuta mingi kwenye damu inaleta madhara ya ubongo.

Sukari ya steroidi hupanda mchana na jioni. Mkipima asubuhi kabla ya kula mtaikuta nzuri na kudanganyika. Pimeni saa tisa au kumi alasiri. Ongezeni kalsiamu na vitamini D, na kotrimoksazoli ya kinga kama atakaa juu ya miligramu 20 kwa zaidi ya mwezi.

Mkiishia kwenye siklosporini: miligramu 125 asubuhi na 100 jioni zinamkaribia. Pimeni kreatinini mara mbili kabla ya kuanza, kisha kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ikipanda zaidi ya asilimia 30 juu ya ya kwake ya awali, punguzeni dozi kwa robo au zaidi, hata kama namba bado iko ndani ya "kawaida" ya maabara. Shinikizo likipanda tumieni amlodipini. Nifedipini na siklosporini kwa pamoja zinavimbisha fizi. Eritromaisini, klarithromaisini na flukonazoli zinapandisha siklosporini kwenye damu, na balungi vilevile. Msibadilishe kampuni ya dawa katikati ya safari bila kupima upya.

Dapsoni inatajwa kwenye vitabu kama ya kusaidia. Pwani kuna watu wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Bila kipimo hicho dapsoni inaweza kupasua chembe nyekundu zake ndani ya siku chache.

Krimu peke yake, klobetasoli asilimia 0.05 au takrolimasi asilimia 0.1, ni kwa vidonda vidogo vya sentimita chache. Kwa sm 11 ni msaidizi tu: paka ukingoni mara moja kwa siku, au kila bandeji inapobadilishwa.

Kama utumbo utathibitika kuwa na kolaitisi au Crohn, infliximabu, dawa ya dripu inayozuia TNF-alfa, inatibu utumbo na kidonda vyote viwili. Jaribio la Uingereza la mwaka 2006, wagonjwa 30, miligramu 5 kwa kilo: kwa wiki ya pili asilimia 46 walikuwa na nafuu, dhidi ya 6 ya waliopewa maji matupu. Kwa kilo 60 ni chupa tatu za miligramu 100, wiki ya 0, ya 2 na ya 6. Ulizeni bima yake mapema, kabla ya kumpa matumaini.

---

TabibuWaZamu

Shukrani sana wakuu. Majibu yameanza kurudi. Biopsi: neutrofili nyingi hadi kwenye mafuta, rangi za kifua kikuu na fangasi hasi, GeneXpert ya tishu hasi. Choo hakina amiba wala kichocho. Tumeacha kukwangua na tunafunga kama Sister alivyoelekeza. Maumivu kutoka 9 yamekuwa 7 kabla ya dawa yoyote ya kinga.

Tatizo jipya: picha ya kifua ina doa upande wa juu kulia, na makohozi kwenye GeneXpert yametoa kifua kikuu, hakina usugu kwa rifampisini. Sasa tunafanyaje? Je, kile kidonda na kuharisha vyote vinaweza kuwa kifua kikuu?

---

Dkt_NgoziNaKinga

Mmefanya vizuri kupiga picha ile kabla ya kidonge cha kwanza.

Kidonda: tishu hasi, maumivu makali, kasi ya siku tatu kutoka kipele hadi kidonda. Hiyo si tabia ya kifua kikuu cha ngozi. Ningebaki na PG, huku nikisubiri majibu ya kuotesha, ambayo huchukua wiki sita hadi nane. Kuharisha ni habari nyingine. Kifua kikuu cha utumbo na Crohn hufanana mno, hata kwa kamera. Kwa hiyo rufaa ya kamera bado ipo, na vipande vya utumbo navyo vipelekwe fomalini na GeneXpert, kwa mgawanyo uleule.

Dawa za kifua kikuu zianze leo, dozi kamili: kwa kilo 60 ni vidonge vinne kwa siku vya mchanganyiko wa dawa nne, pamoja na piridoksini. Prednisoloni haikatazwi kwa mwenye kifua kikuu anayetibiwa. Inatumika kwenye kifua kikuu cha utando wa ubongo kila siku. Kinachokatazwa ni kumpa mgonjwa bila dawa za kifua kikuu. Kama kidonda kimetulia kiasi cha 7 bila kupanuka, mnaweza kujipa wiki moja au mbili za dawa hizo mkitumia klobetasoli ukingoni. Kikianza kukimbia tena, anzeni prednisoloni sambamba, msisubiri.

Siklosporini iacheni kwa sasa, rifampisini inaishusha hadi haina kazi. Infliximabu pia kando hadi kifua kikuu kitibiwe.

---

Mfamasia_Dirishani

Hapo Daktari amegusa penyewe, na ningependa lieleweke vizuri. Rifampisini inaliamsha ini livunje prednisoloni haraka. Miligramu 45 zake zitafanya kazi kama nusu hivi, na mtadhani ugonjwa ni sugu. Kawaida dozi inaongezwa hadi karibu mara mbili, hatua kwa hatua, mkifuata maumivu na ukingo. Sukari ya alasiri na shinikizo viangaliwe kila wiki.

Hatari ya pili iko mwishoni mwa miezi sita. Rifampisini ikisimama, ini linarudi kwenye mwendo wake ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ileile ya prednisoloni inakuwa kubwa ghafla. Kama bado atakuwa anaitumia, andikeni kwenye kadi yake tarehe ya kumaliza kifua kikuu, na mpangilieni kliniki wiki ileile ili dozi ishushwe.

---

Mpasuaji_Mkongwe

Fupi tu, kwa upande wetu wa kisu. Kidonda kikishatulia na kubaki chekundu safi bila ukingo wa zambarau, kupandikiza ngozi kunawezekana, lakini mgonjwa awe bado kwenye dawa za kinga. Kumbukeni pia kwamba panapotolewa ngozi ya kupandikiza ni jeraha jipya, panaweza kugeuka kidonda. Kwa sm 11 inayoziba yenyewe taratibu, mimi ningesubiri.

Kadi yake iandikwe kwa wino mwekundu: ana PG, upasuaji wowote usio wa dharura usubiri ugonjwa utulie, nyuzi zipite chini ya ngozi badala ya kuitoboa juu, na kidonda cha upasuaji kikianza kuoza siku ya tatu au ya nne kikiwa na homa na usaha, mtu asikifungue na kukwangua kabla ya kumpigia daktari wa ngozi. Kwa mama wa miaka 38 hili linahusu upasuaji wa kujifungua pia, kwa hiyo kliniki ya wajawazito nayo ipate nakala.

Kwa rufaa ya ngozi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kimefundisha madaktari na maafisa tabibu wengi wa nchi zetu. Ulizia kama hospitali ya mkoa wako ina mmoja wao. Mara nyingi yupo, na anaweza kuziangalia picha zako za kila wiki kabla mgonjwa hajasafirishwa.